Gladiola: ua la mbuga zetu lililozunguka dunia na kurudi likiitwa la kizungu

Gladiola ni lile ua refu lenye shina moja lililonyooka, na vikombe vya maua vilivyopangana kutoka chini kwenda juu. Mjini Songea, kama katika miji mingine, utaliona kwenye mapambo ya harusi, mbele ya altare na katika mashada ya msibani. Watu wengi huliita ua la kizungu, kwa sababu aina zinazouzwa mijini hutokana na mbegu za kuagizwa kutoka nje.

Hata hivyo, mmoja wa wazazi wakuu wa ua hilo huota mwenyewe katika mbuga za nyasi na misitu ya miombo ya Afrika, kusini mwa Tanzania ikiwemo. Makala haya yanaeleza mmea huo ni upi, ulifikaje katika bustani za Ulaya, nani walioubadilisha, na kwa nini mkulima wa Ruvuma anafaa kuufahamu kabla jembe halijapita juu yake.

Mmea wenyewe ukoje

Wataalamu huuita Gladiolus dalenii. Una majina mengi ya kienyeji, nayo hubadilika kutoka sehemu moja hadi nyingine. Hapa tutauita gladiola ya porini.

Majani yake ni marefu, membamba na magumu kidogo, yenye ncha kali, na hupangana ubavu kwa ubavu kama kipepeo cha mkono. Katikati hutoka shina la maua linaloweza kufika urefu wa mita moja au zaidi. Maua huwa ya rangi ya machungwa iliyoiva au nyekundu yenye njano, na mengine ni ya njano tupu au ya njano yenye madoadoa ya kahawia. Dalili ya kuaminika ni petali ya juu: imejikunja mbele kama kofia na kufunika sehemu za uzazi za ua, hivyo mvua haizipigi moja kwa moja.

Ndege chozi, yule mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, huyatembelea maua haya kunywa maji matamu yaliyo ndani. Anapoingiza mdomo, kichwa chake hushika chavua na kuipeleka kwenye ua lingine. Baadaye tunda hukauka na kupasuka, na mbegu zake nyepesi zenye kingo kama mabawa huchukuliwa na upepo.

Mmea huu una eneo kubwa sana. Unapatikana kuanzia Afrika Kusini, kupitia nchi nyingi za Afrika ya kitropiki, hadi Madagaska na magharibi mwa Bara Arabu. Katika jenasi ya gladiola kuna aina zaidi ya 250, na nyingi ni za Afrika. Ukoo wake ni mmoja na ule wa zafarani, kiungo tunachotia kwenye biriani.

Jinsi unavyoishi na kiangazi na moto

Mmea wa gladiola ni wa kudumu. Haufi baada ya msimu mmoja kama mahindi au alizeti. Sehemu inayoonekana juu ya ardhi hukauka mvua zinapoisha, lakini chini ya udongo hubaki tunguu lenye chakula.

Tunguu hilo si sawa na kitunguu maji. Ukikata kitunguu maji unakuta tabaka juu ya tabaka, lakini ukikata tunguu la gladiola unakuta nyama ngumu iliyoshikamana kama ya gimbi, iliyofunikwa na maganda makavu. Kila msimu mmea hutengeneza tunguu jipya juu ya lile la zamani, na la zamani hunyauka. Pembeni hutokea vitunguu vidogo sana, na kila kimoja kinaweza kuwa mmea wake.

Hii ndiyo sababu moto wa kiangazi unaopita haraka juu ya nyasi hauumalizi. Moto huunguza majani ambayo tayari yamekauka, na tunguu liko salama chini. Mvua zinaporudi Songea, mwishoni mwa mwaka, chipukizi hutoka tena na maua hufuata msimu unapokolea.

Tabia hiyo hiyo ndiyo inayouweka mmea hatarini. Uhai wake wote umewekwa mahali pamoja. Anayekata ua amechukua ua tu, lakini anayeng'oa tunguu ameondoa mmea mzima pamoja na misimu yote ambayo ungeendelea kuishi.

Jina limetoka wapi

Neno gladiolus ni la Kilatini na maana yake ni upanga mdogo. Limetokana na umbo la majani. Mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, aliliingiza katika kitabu chake cha mwaka 1753, ambacho ndicho msingi wa majina ya kisayansi ya mimea hadi leo.

Sehemu ya pili, dalenii, ni kumbukumbu ya Cornelius Dalen, aliyekuwa msimamizi wa bustani ya mimea ya Rotterdam, Uholanzi. Jina hilo lilitolewa mwishoni mwa miaka ya 1820, wakati mimea kutoka kusini mwa Afrika ilipokuwa ikiota katika bustani za huko. Muda mfupi baadaye, mwaka 1830, mtaalamu wa Uingereza aliuelezea mmea huo huo kwa jina lingine lenye maana ya "kama kasuku", kutokana na rangi zake. Kwa miaka mingi majina yote mawili yalitumika, hadi ilipokubalika kwamba ni mmea mmoja na jina lililotangulia ndilo libaki.

Hivyo ua lililojulikana kwa macho na wafugaji, wakulima na waganga wa nusu ya bara la Afrika liliingia vitabuni kwa jina la mtunza bustani wa Rotterdam.

Ndoa iliyofanyika Ubelgiji

Kabla ya hapo, Wazungu walikuwa na gladiola zao za asili kutoka maeneo ya bahari ya Mediterania. Zilikuwa na maua madogo ya zambarau. Zile za Afrika zilikuwa na maua makubwa, rangi kali na shina refu.

Miaka ya 1830 mtunza bustani aitwaye Bedinghaus alifanya kazi katika bustani ya Mtawala wa Aremberg, huko Enghien, Ubelgiji. Alichukua chavua ya aina moja na kuipaka kwenye ua la aina nyingine, kama watafiti wanavyofanya ili kupata mbegu chotara za mahindi. Mmoja wa wazazi alikuwa gladiola yetu ya porini. Mwingine anaaminika kuwa aina ya Afrika Kusini yenye maua mengi katika shina moja.

Watoto wa ndoa hiyo walikuwa na nguvu kuliko wazazi. Mwaka 1841 mfanyabiashara wa mimea Louis Van Houtte, wa mji wa Ghent, alianza kuwauza kwa jina la gandavensis, yaani wa Ghent. Hapo ndipo historia ya gladiola ya kisasa ilipoanzia.

Ufaransa ikafuata. Souchet, aliyetunza bustani za Fontainebleau, alizalisha aina nyingi mpya kutokana na zile za Ghent. Victor Lemoine wa mji wa Nancy aliingiza damu ya aina nyingine ya Afrika Kusini na kupata maua yenye doa jeusi la zambarau kooni. Baadaye kazi ilivuka hadi Marekani, ambako mwaka 1907 A. E. Kunderd wa Indiana alitoa gladiola za kwanza kujulikana kwa petali zenye kingo zilizojikunjakunja kama marinda.

Mkulima anayenunua mbegu chotara za mahindi anajua kwamba akipanda tena mbegu alizovuna, mavuno ya pili hayafanani na ya kwanza. Gladiola chotara ina shida hiyo kwenye mbegu, lakini haina kwenye tunguu. Kama kipande cha muhogo au kiazi, tunguu huzaa mmea ulio sawa kabisa na mama yake. Kwa hiyo mtu akishapata rangi anayoitaka, anaweza kuizalisha kwa maelfu. Uholanzi ilijenga biashara kubwa juu ya jambo hilo, na hadi leo inaongoza katika kuzalisha na kuuza matunguu ya gladiola duniani.

Rangi ya njano kutoka Usagara

Tanzania ina nafasi yake katika historia hii.

Chotara za mwanzo zilikuwa nzuri, lakini njano safi na rangi ya machungwa laini zilikuwa adimu. Mwaka 1890 John Gilbert Baker, mtaalamu wa bustani ya Kew jijini London, alielezea gladiola ya njano kama ua la primrose, akaiita primulinus. Mimea hiyo ilitoka katika milima ya Usagara, ambayo leo iko upande wa Kilosa na Mpwapwa.

Gladiola ya namna hiyo ilipatikana pia karibu na maporomoko ya Victoria, kwenye mpaka wa Zambia na Zimbabwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 kulikuwa na ujenzi wa daraja la reli hapo, lililofunguliwa mwaka 1905. Mhandisi Francis Fox, aliyehusika na kazi hiyo, alipata matunguu na kuyapeleka Uingereza, ambako ua hilo lilipata sifa kwa jina la Maid of the Mist, yaani binti wa ukungu.

Wazalishaji wa Ulaya na Marekani waliligombea. Lilileta njano, machungwa na pinki ya samaki, mashina membamba na maua mepesi yasiyojazana. Kundi zima la gladiola za bustani likaitwa kwa jina lake. Leo wataalamu wanaona kwamba primulinus ni sura moja tu ya Gladiolus dalenii, ule ule mmea wa mbuga zetu.

Wakusanyaji wa mimea walipofika Songea

Wilaya ya zamani ya Songea, iliyobeba pia maeneo ambayo sasa ni Mbinga na Namtumbo, inajulikana sana kwa wataalamu wa mimea kwa sababu ya safari moja. Kuanzia mwishoni mwa 1955 hadi katikati ya 1956, Edgar Milne-Redhead na Peter Taylor kutoka Kew walizunguka hapa wakati wa mvua, msimu ambao mimea ya mbuga inachanua. Walipita milima ya Matogoro, mabonde ya mito Luhira na Hanga, na vilima vya Umatengo. Walikusanya maelfu ya sampuli, wakazikausha kati ya karatasi na kuandika mahali, udongo na rangi ya kila ua.

Kazi hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Sampuli nyingi zilizokusanywa wakati wa Wajerumani zilihifadhiwa Berlin, na usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 jengo lake liliungua kwa mabomu ya vita. Kumbukumbu za mimea mingi ya Tanganyika ziligeuka majivu, na ilibidi watu warudi porini kutafuta upya.

Sampuli za Songea zilisaidia kuandika mfululizo mkubwa wa vitabu vya mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda. Kitabu cha kwanza kilitoka 1952 na cha mwisho 2012, vikiwa na aina zaidi ya 12,000. Sehemu ya ukoo wa gladiola iliandikwa na Peter Goldblatt na kutoka mwaka 1996. Nchini kwetu, mimea iliyokaushwa inatunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika hifadhi ya taifa ya mimea jijini Arusha.

Nani alinufaika

Waliochukua matunguu ya kwanza hawakulipa chochote kwa vijiji yalikotoka, na hapakuwa na sheria ya kuwataka walipe. Wakati ule mmea wa porini ulihesabiwa kuwa mali ya atakayeuokota.

Hali ilibadilika mwaka 1992, mataifa yalipokubaliana katika Mkataba wa Bioanuwai kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mimea na wanyama wake, na kwamba faida igawanywe kwa haki. Tanzania iliuridhia mwaka 1996. Kwa msikilizaji wa kijijini maana yake ni hii: mgeni anayefika na kuomba kuchimba mimea ya porini ili aisafirishe nje anatakiwa kuwa na vibali. Afike kwanza serikali ya kijiji, aonyeshe karatasi zake, na kijiji kina haki ya kuuliza mimea inakwenda wapi na kwa kazi gani.

Somo kutoka kwa okidi za nyanda za juu

Kama mtu anadhani mmea wa porini hauwezi kuisha, atazame yaliyozipata okidi za ardhini. Katika nyanda za juu kusini, viazi vya okidi vimechimbwa kwa wingi na kuvushwa kwenda Zambia, ambako husagwa na karanga kutengeneza chakula kiitwacho chikanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba viazi vinavyochimbwa kwa mwaka ni mamilioni. Maeneo yaliyokuwa yamejaa maua yakabaki na mashimo, na wachimbaji wakalazimika kwenda mbali zaidi kila msimu.

Kitulo, uwanda wa maua ambao wengi huuita Bustani ya Mungu, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na maua yalikuwa sababu kubwa. Ni vigumu kupata hifadhi nyingine katika Afrika ya kitropiki iliyoanzishwa kwa ajili ya maua hasa.

Gladiola ya porini haijafikia hali hiyo, kwani eneo lake ni kubwa. Lakini mmea unaweza kuwa mwingi barani na bado ukatoweka kijijini kwako. Kulima mbuga yote hadi ukingoni mwa mto na kung'oa matunguu ili kuyauza kunatosha kufanya watoto wa kijiji hicho wasilione ua hilo tena.

Ukitaka kulipanda nyumbani

Huna haja ya kung'oa mmea wa porini. Njia salama ni mbegu. Subiri tunda lianze kukauka na kugeuka kahawia, chukua baadhi ya mbegu na uache nyingine zipeperuke. Zipande mwanzoni mwa mvua kwenye udongo laini, ukizifunika kidogo tu. Miche ya kwanza itafanana na nyasi, kwa hiyo weka alama ili asije mtu akaipalilia. Uwe na subira: kutoka mbegu hadi ua la kwanza ni misimu miwili au mitatu.

Kama umenunua matunguu ya gladiola chotara, fuata hatua hizi:

1. Chagua mahali penye jua na pasipotuama maji. Maji yakituama tunguu huoza.
2. Panda kina cha sentimita 10 hadi 15, na uache nafasi ya sentimita 15 kati ya tunguu na tunguu. Likiwa juu sana shina huanguka kwa upepo.
3. Tegemea maua baada ya miezi miwili na nusu hadi mitatu hivi, kulingana na aina na hali ya hewa. Ukipanda kwa awamu, kila baada ya wiki mbili, utakuwa na maua kwa muda mrefu.
4. Kata asubuhi mapema, pale ua moja au mawili ya chini yanapoanza kuonyesha rangi. Mengine yatafunguka yakiwa kwenye maji.
5. Unapokata, acha angalau majani manne. Majani hayo ndiyo yatakayotengeneza tunguu la msimu ujao. Ukikata hadi chini umekula mbegu yako.
6. Majani yakishakauka, chimba, kausha matunguu kivulini na uyahifadhi mahali pakavu penye hewa. Tupa yaliyolainika au yenye madoa ya kuoza.
7. Msimu unaofuata badilisha mahali, kwa sababu ugonjwa wa kuoza tunguu hubaki udongoni.

Adui mwingine ni vithiripi, wadudu wadogo sana wanaokwaruza majani na petali na kuacha mistari ya rangi ya fedha. Ondoa mabaki ya mimea shambani na muulize bwana shamba dawa inayofaa kabla ya kununua yoyote. Anayetaka kuagiza matunguu kutoka nje ya nchi anahitaji kibali cha mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, ili asiingize magonjwa.

Tahadhari moja zaidi: sehemu mbalimbali za Afrika hutumia tunguu la gladiola ya porini katika tiba za asili. Hiyo haina maana kwamba ni chakula. Usilile wala kumpa mtoto kwa kusikia tu.

La kushika

Gladiola iliyo kwenye meza ya harusi na ile iliyo kando ya njia ya kwenda shamba ni ndugu. Moja ilipitia Enghien, Ghent na Nancy, nyingine haikuondoka. Wazalishaji bado wanahitaji mimea ya porini wanapotafuta nguvu ya kustahimili magonjwa na ukame, na mimea hiyo haitengenezwi kiwandani. Inabaki pale tu ambapo watu wanaacha sehemu ya mbuga bila kulimwa, hasa mabondeni na kwenye miinuko yenye mawe.

Msimu huu mvua zikikolea, angalia kando ya njia. Ukiona shina lenye maua ya machungwa yaliyovaa kofia, waonyeshe watoto, waulize wazee jina lake la kwenu, kisha liache litoe mbegu.